Spesa ya inhela: tathmini baada ya kiangazi kizima cha vumbi Tabora

Kifaa ninachokitathmini hapa ni spesa, yaani chemba ya plastiki ngumu inayoonyesha ndani, yenye urefu wa takriban shubiri moja, ambayo upande mmoja ina tundu la mpira la kuchomekea inhela, lile kopo dogo la kupulizia dawa ya pumu, na upande wa pili ina vali nyembamba ya silikoni pamoja na sehemu ya kuweka mdomoni. Ya kwanza tuliinunua mvua zilipokuwa zinaishia, katika duka la dawa hapa Tabora mjini, kwa ajili ya binti yetu mwenye umri wa miaka minane. Baadaye tukanunua ya pili kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye ameishi na pumu tangu ujana wake Sikonge na sasa anakaa nasi Isevya. Zote mbili zimetumika kiangazi chote, kuanzia baridi ya asubuhi za Juni na Julai hadi joto na vumbi la Septemba na Oktoba, na naona muda huo unatosha kueleza zinafaa kwa lipi na zina kasoro gani.

Hukumu yangu naitoa mapema: anayetumia inhela ya kubonyeza bila spesa analipia dawa ambayo sehemu yake kubwa haimfikii pale inapotakiwa. Spesa yenyewe ni chombo kitupu, hakina betri wala dawa, na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza anaweza kushangaa kwa nini auziwe plastiki tupu kwa bei inayozidi ya inhela. Thamani yake yote inatokana na namna inhela inavyofanya kazi, na jambo hilo wanunuzi wengi hawaelezwi.

Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu wa mirija inayopitisha hewa kwenda mapafuni. Kuta za ndani za mirija hiyo huwa na uvimbe, ambao unaweza kuwapo hata siku ambazo mgonjwa anajisikia mzima kabisa, na kwa sababu ya uvimbe huo mirija huwa rahisi kuchokozeka inapokutana na vumbi, moshi, hewa ya baridi, mafua au harufu kali. Ikishachokozwa, misuli inayoizunguka hukaza, kuta huvimba zaidi, makohozi mazito hujaa ndani, na njia ya hewa hupungua mpaka kifua kikaanza kubana na kupiga miluzi, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri. Dawa ya kuvuta imetengenezwa ili itue kwenye mirija hiyo, kwa kiasi kidogo sana, bila kulazimika kupitia tumboni na kuzunguka mwili mzima. Ikitua ulimini na kooni, mgonjwa atasikia ladha yake, atahisi ubaridi wake, na ataendelea kuhema.

Inhela ya kubonyeza ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956, baada ya msichana wa miaka 13 mwenye pumu, ambaye baba yake aliongoza kampuni ya dawa, kuuliza kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupulizia kama lile la dawa ya nywele. Swali lile la mtoto limeokoa watu wengi duniani. Ugumu uliobaki ni kwamba dawa hutoka kwenye kopo kwa kasi kubwa, na ili iingie kifuani, mgonjwa anatakiwa kutoa pumzi kwanza, kuanza kuvuta polepole, kubonyeza wakati huohuo, kuendelea kuvuta kwa sekunde kadhaa, kisha kubana pumzi kwa takriban sekunde kumi. Hata anayefanya yote hayo vizuri, mara nyingi dawa inayofika mapafuni ni kati ya asilimia 10 na 20 tu, nyingine ikigonga kooni. Sasa mfikirie mtoto aliyeamka saa tisa usiku akiwa na hofu na kifua kimembana, au mama mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa maumivu ya viungo: kuwataka wabonyeze na kuvuta kwa wakati mmoja ni kuwataka waweze jambo ambalo hata watu wazima wenye afya hulikosea wakijaribu.

Hapo ndipo spesa inapofanya kazi yake. Unaitikisa inhela, unaichomeka nyuma, unabonyeza mara moja, na dawa inabaki ikielea ndani ya chemba kwa muda mfupi huku matone makubwa, ambayo yangeishia kooni, yakinasa kwenye kuta za plastiki. Mgonjwa anapumua kwa kasi yake ya kawaida, mara nne hadi sita, na vali inafunguka anapovuta na kujifunga anapotoa. Binti yetu alijifunza siku ileile, na kilichomsaidia ni kuiona ile vali, kipande kidogo cha silikoni chenye mkato katikati, ikitikisika kila anapovuta. Bibi yake hukaa mbele yake na kumhesabia kwa sauti, na vali isipotikisika humwambia, “Bana midomo vizuri, mjukuu wangu, hewa inapita pembeni.” Aina tuliyonunua pia hutoa sauti ya filimbi mtu akivuta kwa pupa, na mtoto anapaswa kuelezwa kwamba filimbi ile ni onyo la kupunguza kasi, maana mwanzoni wetu alidhani ndilo lengo.

Kwa upande wa mama, tofauti ilionekana kwa namna nyingine. Yeye ni wa kizazi kilichokulia kwenye vidonge, na aliamini, kama wengi wa rika lake, kwamba inhela ni dawa ya mtu aliyekaribia kukata roho na kwamba ukishaizoea huachani nayo. Kipo kipimo kimoja ambacho kilimbadilisha mawazo kuliko maneno yangu yote. Kidonge cha miligramu 4 cha salbutamoli, yaani dawa ya kufungua kifua, kina dawa sawa na mipulizo 40 ya inhela ya kawaida, kwa kuwa kila mpulizo una mikrogramu 100. Dawa hiyo yote inapita tumboni na kuingia kwenye damu kabla sehemu yake ndogo haijafika kifuani, na ndiyo maana mikono ilikuwa ikimtetemeka na moyo ukimwenda mbio kila alipomeza. Baada ya wiki chache za kutumia spesa aliniambia, “Mwanangu, hii sasa naisikia kifuani, siyo ulimini.” Nami naona hakuna maelezo mafupi kuliko hayo ya kile kinachonunuliwa unaponunua kifaa hiki.

Jambo jingine linaloipa spesa nafasi kubwa katika mji kama wetu ni kwamba haihitaji umeme. Watu wengi huamini kuwa tiba ya kweli wakati wa shambulio ni nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa kwa barakoa, na wapo wanaojikamua kuinunua kwa matumizi ya nyumbani. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeonyesha kwamba kwa shambulio ambalo halijafikia hatua ya kutishia maisha, inhela pamoja na spesa hufanya kazi vizuri angalau sawa na nebulaiza, na watoto waliopewa kwa spesa walikaa muda mfupi zaidi kwenye chumba cha dharura. Nebulaiza ina nafasi yake hospitalini, hasa kwa mgonjwa mahututi anayehitaji na oksijeni. Kwa nyumbani, ambako umeme unaweza kukatika wakati wowote, fedha hiyo ningeiweka kwenye spesa na inhela mbili za akiba.

Kasoro zipo, na baadhi si ndogo. Ya kwanza ni maelezo. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa na lugha kadhaa na Kiswahili hakikuwamo, na michoro yake ilikuwa midogo kiasi kwamba mama hakuweza kuisoma hata kwa miwani. Muuzaji naye alitukabidhi mfuko na risiti bila kufungua boksi wala kutuonyesha namna ya kutumia. Jambo hilo limenisikitisha kuliko bei, kwa sababu kifaa hiki kisipoonyeshwa kwa vitendo kinakuwa pambo la kabatini. Aliyetuelekeza ni muuguzi wa kliniki, aliyemtaka mtoto afanye mbele yake, akamsahihisha, kisha akamtaka arudie. Ningetamani kila duka la dawa linalouza inhela litenge dakika tano za namna hiyo.

Kasoro ya pili ni umeme tuli. Plastiki mpya, hasa ikifutwa kwa kitambaa, hupata umeme tuli unaovuta chembe za dawa na kuzigandisha ukutani, kwa hiyo kiasi kinachomfikia mgonjwa hupungua. Dawa ya kasoro hii ni rahisi: kabla ya matumizi ya kwanza, na baada ya hapo kila wiki au kila mwezi kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, spesa iloweshwe kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo, itolewe bila kusuguliwa ndani, isimamishwe mahali safi ikauke yenyewe kwa hewa. Sehemu ya kuweka mdomoni ndiyo pekee tunayoisuuza na kuifuta. Aina nyingine za plastiki zimetengenezwa zisipate umeme tuli, na kama bei inaruhusu, chagua hizo.

Ya tatu ni vumbi, na hapa nazungumza kama mkazi wa Tabora. Kuanzia Agosti, upepo unapoanza kusomba vumbi jekundu la barabara zetu, chochote kilichoachwa wazi mezani hupata utando kabla ya jioni, na spesa haisamehewi. Chembe zikikaa kwenye vali, kingo zake hushikana na kushindwa kufunga vizuri. Mara moja nilipoinua ya binti yetu mwangani kabla ya matumizi, niliona sisimizi wawili wakitembea ndani ya chemba. Tangu hapo kila spesa inakaa kwenye kopo lake la plastiki lenye mfuniko, ikiwa imekauka kabisa, na hakuna anayeiweka mdomoni kabla ya kuichungulia dhidi ya mwanga. Vali ikikunjamana, ikichanika au ikibaki wazi, kifaa kibadilishwe. Hata bila hitilafu inayoonekana, watengenezaji wengi hushauri kibadilishwe baada ya miezi 6 hadi 12.

Kuhusu barakoa inayouzwa pamoja na spesa, nitasema kwa ufupi. Ni ya lazima kwa watoto wadogo wa hadi miaka mitatu hivi, na inatakiwa kukaa usoni bila kuacha upenyo, kwani upenyo mdogo tu hupoteza dawa nyingi. Mtoto anayeweza kubana midomo kwenye kifaa, kwa kawaida kuanzia miaka minne au mitano, atumie sehemu ya mdomoni, maana pua huchuja sehemu ya dawa.

Sasa nije kwenye bei, ambayo kwa familia nyingi za mkoa wetu ndiyo kikwazo chenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu na kwamba 455,000 walifariki kutokana nayo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kidogo kama zetu, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa haziwafikii wagonjwa. Siwezi kumwambia mkulima wa Urambo anayesubiri malipo ya tumbaku kwamba asimtibu mtoto mpaka apate spesa ya dukani. Mwaka 1999, madaktari wa Cape Town nchini Afrika Kusini wakiongozwa na Heather Zar walichapisha utafiti uliolinganisha spesa ya kiwandani na chupa ya plastiki ya mililita 500, ya aina ileile ya soda au maji ya kunywa, na wakakuta kwamba chupa iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri ilifungua vifua vya watoto sawa na ya kiwandani. Chupa ambayo haikuzibwa ilifanya vibaya kuliko iliyozibwa, na kikombe cha povu la plastiki kilikuwa cha mwisho.

Tuliitengeneza nyumbani kama akiba, na naieleza kwa kuwa mafanikio yote yako kwenye tundu. Waya mnene hukunjwa ufuate umbo la mdomo wa inhela, hupashwa moto, kisha hugandamizwa kwenye kitako cha chupa kavu ili plastiki iyeyuke na kuacha tundu la ukubwa uleule, si tundu la kukatwa kwa kisu ambalo huwa pana na lenye kingo kali. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na mgonjwa, kwa sababu moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua chake. Pale inhela inapokutana na chupa huzibwa kwa gundi au kwa utepe, na mgonjwa hupumulia kwenye mdomo wa chupa, ambayo imeoshwa kwa sabuni na kukaushwa kwa hewa kama ile ya dukani. Inafanya kazi. Haina vali, kwa hiyo mtoto lazima asimamiwe ili asitoe mdomo baada ya pumzi moja, na gundi hulegea baada ya muda. Naiona inafaa kabisa kwa dharura na kwa asiye na uwezo, na bado nashauri ya kiwandani kwa anayetumia dawa kila siku.

Nimesema kila siku kwa makusudi. Wanunuzi wengi wana inhela moja tu, ya salbutamoli, ambayo mara nyingi huwa ya bluu ingawa rangi hutofautiana kwa mtengenezaji. Hiyo hulegeza misuli ndani ya dakika chache na haigusi uvimbe. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, inayovutwa kila siku hata mgonjwa akiwa mzima, na tangu mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa pumu unaojulikana kama GINA umeacha kushauri kwamba mtu mzima au kijana atibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake. Kwa dawa ya kuzuia, spesa ina faida ya ziada: kwa kuwa dawa inayobaki kooni ni kidogo, utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti kukauka hupungua. Hata hivyo mgonjwa asukutue kwa maji na kuyatema kila anapomaliza. Inhela yetu haina kihesabio, kwa hiyo tunaandika tarehe ya kuanza kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito. Kopo la mipulizo 200, kwa anayetumia miwili asubuhi na miwili jioni, huisha siku ya 50, hata kama ukilitikisa bado unasikia kitu ndani. Mama aliyekuwa akipika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, na binti aliyekuwa akipelekwa likizo karibu na mabani ya kukaushia tumbaku, waliondolewa kwenye moshi huo wakati uleule tulipoanza spesa, na sitaki msomaji adhani plastiki pekee ndiyo iliyoleta nafuu.

Kwa shambulio, utaratibu tulioandikiwa na kuubandika ukutani ni ule unaofundishwa pia Australia: mkalishe mgonjwa wima, mpe mipulizo minne ya dawa ya kufungua kwa spesa, mmoja mmoja, kila mmoja kwa pumzi nne, subiri dakika nne, na kama hakuna nafuu rudia huku ukitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ambaye ngozi ya kati ya mbavu inavutwa ndani, ambaye midomo yake imebadilika rangi, au ambaye ameanza kusinzia, asisubirishwe nyumbani hata kidogo. Aendelee kupewa dawa kwa spesa njiani, na hapa tena udogo wa kifaa unasaidia, kwa kuwa kinatumika vizuri ndani ya bajaji.

Yapo mazingira ambayo spesa haihitajiki. Inhela za unga mkavu, ambazo mgonjwa hufyonza mwenyewe kwa nguvu bila kubonyeza kopo, hazitumiki na spesa. Kwa hiyo peleka inhela yako dukani kabla ya kulipa, omba boksi lifunguliwe mbele yako, jaribu kama mdomo wa inhela unaingia kwenye tundu la mpira bila kulegea, inua chemba mwangani uone kama haina ufa, na angalia kama vali imelala sawa pande zote. Muuzaji akikataa kufungua boksi, nenda duka jingine.